Nunua Simu Yenye Makovu

Ukiwa na laki nne na unataka simu janja, Kariakoo itakuwekea mbili kaunta. Ya kwanza ni mpya, iko kwenye boksi na nailoni yake: Tecno, Infinix, itel au Samsung ya daraja la chini. Ya pili ilikuwa simu ya wenye nazo miaka minne au mitano iliyopita. Imetumika Korea, Marekani au Ulaya, ikapitia Dubai, ikafutwa vumbi, na sasa iko mtaa wa Aggrey ikikusubiri. Kwa mfuko huo, mimi mara nyingi ningechukua ya pili. Ila ningekaa nayo hapo kaunta nusu saa nzima kabla ya kutoa hela, na mwongozo huu ni wa hiyo nusu saa.

Simu mpya ya bei ya chini hubana gharama mahali macho yasipofika. Hifadhi yake mara nyingi huwa ya eMMC, ambayo ni ya polepole, na RAM yake mara nyingi ni gigabaiti tatu au nne. Siku ya kwanza inakimbia. Ukishaingiza WhatsApp yenye makundi ya harusi na misiba, TikTok na programu ya benki, inaanza kuganda, na kibodi inachelewa kutokea wakati mtu anasubiri jibu. Galaxy S20 ya mwaka 2020 ilitoka kiwandani na RAM ya gigabaiti nane au kumi na mbili na hifadhi ya UFS 3.0, na kasi hiyo haichakai kama inavyochakaa betri. Kamera yake kubwa ina mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, kitu ambacho simu nyingi mpya za bei hiyo hazina.

Wapo ambao ningewaambia wanunue mpya bila kubishana. Dereva wa bodaboda anayeshinda na ramani imewaka anahitaji betri ya miliampea-saa 5000 ambayo haijaguswa na mtu. Mzazi aliye kijijini, anayepiga simu, kupokea muamala na kutazama picha za wajukuu, hana haja ya kasi ya S20, na fundi wa kumbadilishia kioo chake yuko mbali. Kwao simu mpya ya kawaida ndiyo salama. Wewe unayepiga picha za bidhaa zako, unayesoma chuo kwa simu, au unayetaka kifaa kisichokukera kwa miaka miwili au mitatu, endelea kusoma.

Iliyopambwa na iliyotumika

Simu za mkono wa pili si za namna moja. Kuna zilizorekebishwa na kiwanda chenyewe. Apple, kwa mfano, huuza iPhone za namna hiyo katika nchi kadhaa zikiwa na betri mpya, ganda jipya la nje na waranti ya mwaka mmoja. Hizo huku kwetu utaziona kwa nadra. Kuna zilizorekebishwa na karakana zisizojulikana, huko Asia au hapa hapa mjini: zimevalishwa mgongo mpya, kioo cha kopi, betri isiyojulikana ilikotoka, zikatiwa kwenye boksi lililochapishwa juzi. Na kuna zile zilizotumika tu, zikauzwa kama zilivyo.

Mnunuzi mgeni huvutiwa na hiyo ya katikati, kwa sababu inang'aa. Mimi nakushauri uitafute hiyo ya mwisho. Simu ya mwaka 2021 yenye mikwaruzo pembeni, kona iliyobonyea kidogo na betri ya asilimia 83 inakueleza ukweli wa maisha yake, na wewe unajua unanunua nini. Simu ya mwaka huo huo isiyo na alama hata moja, betri asilimia 100, kava la zawadi na protekta iliyokwisha kubandikwa, lazima ujiulize nani aliipamba na alikuwa anaficha nini. Ganda jipya la karakana hizo mara nyingi huwekwa baada ya simu kuanguka vibaya, na simu iliyoanguka kiasi cha kubadilishwa ganda imetikisika hadi kwenye ubao wake wa ndani.

Kwa iPhone kuna kidokezo ambacho wauzaji wengi hawakitaji. Fungua Settings, General, kisha About, utazame herufi ya kwanza ya Model Number. M ni simu iliyouzwa mpya dukani. F ni iliyorekebishwa na Apple wenyewe. N ni iliyotolewa kuwa mbadala wa simu mbovu ya mteja, na P ni iliyochongwa maandishi kwa oda. Ukiambiwa "refurb ya Apple" na herufi ni M, basi Apple hawakuhusika na ukarabati huo. Kumbuka pia kwamba M haithibitishi kuwa simu haijafunguliwa, kwa sababu fundi wa pembeni akibadilisha kioo na mgongo, herufi inabaki ile ile.

Hapo hapo kwenye About, iPhone 12 na za baadaye zenye iOS 15.2 kwenda juu huorodhesha betri, kioo na kamera vilivyowahi kubadilishwa, na kama ni vya Apple au havitambuliki. Orodha hiyo isipokuwepo kabisa ni dalili nzuri. Ikisema kioo hakitambuliki, usiikimbie papo hapo. Shusha bei.

Ya nani?

Kabla hujasifia kamera, uliza simu ni ya nani. Bonyeza *#06# na utaona IMEI, namba ya tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Zipige picha kwa simu yako. Zilinganishe na zilizo ndani ya setingi na za kwenye boksi. Boksi lisilolingana na simu halimaanishi wizi, kwani maboksi matupu nayo ni biashara, lakini linakuonyesha kwamba "full boksi" uliyotajiwa haipaswi kukuongezea hata senti.

Kisha tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Hiyo ni huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambayo Watanzania waliizoea mwaka 2016, kuelekea simu feki kuzimwa mwezi Juni. Jibu linataja aina ya simu yenye namba hiyo. Tarakimu nane za mwanzo za IMEI ndizo zinazobeba utambulisho wa aina ya simu, kwa hiyo jibu likitaja simu nyingine tofauti na uliyoishika, kuna mkono umepita humo. Irudishe kaunta, aga kwa adabu, ondoka.

Namba ikija safi, bado. Simu iliyoporwa jana usiku daladalani haijafungiwa na mtu yeyote, kwa sababu mwenyewe lazima kwanza aende polisi apate RB, yaani namba ya taarifa yake, kisha apeleke taarifa kwa mtandao wake. Na simu iliyofungiwa na mitandao ya Ulaya yaweza kushika mtandao hapa bila wasiwasi. Ndiyo maana muuzaji ana uzito kuliko namba. Mtu aliyekusimamisha stendi na kukunong'oneza bei ya kutupa hana anwani ya kumrudia, na Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Siku polisi wakifuatilia ile IMEI, jina la kwanza watakalolikuta ni lako, na huyo wa stendi atakuwa amekwisha kubadili kofia.

Makufuli manne

Simu yaweza kuwa halali, nzima, na bado isiwe huru. Makufuli yake ni manne, na hatua moja inafichua matatu kati ya hayo.

La kwanza ni la akaunti ya Apple, lililoanza na iOS 7 mwaka 2013. La pili ni la akaunti ya Google, lililoanza na Android 5.1 mwaka 2015. Yote mawili yanafanya kazi moja: simu ikifutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake, inadai nenosiri lake milele. Fundi atakwambia ana njia ya kuruka. Njia zipo. iPhone nyingi zilizorukwa hivyo zinacheza video na kufungua picha lakini hazipigi simu, na siku utakayozifuta au kuziwekea mfumo mpya zinarudi kwenye kufuli.

La tatu ndilo linaloumiza watu siku hizi: simu za mkopo. Mtu anachukua simu kwa malipo ya kila siku, na akikosa kulipa inajifunga kwa mbali. Akibanwa na maisha anaiuza. Siku anapokuuzia iko wazi, kwa sababu amelipa hadi Jumapili. Jumatatu asubuhi unaamka na tangazo la deni kwenye kioo kizima. Utaitambua kwa sura yake: toleo la karibuni, karibu mpya, bei ya chini kuliko inavyostahili, na risiti "iko nyumbani". Ukipita kwenye setingi za usalama waweza kukuta maneno kwamba simu inasimamiwa na shirika au kampuni. Kuifuta hakusaidii, maana kufuli hurejea simu inapogusa intaneti.

Basi fanya hivi, na usikubali kuruka hata hatua moja. Simu uliyooneshwa ikiwa imeshawashwa na kupangwa, mwambie muuzaji aondoe akaunti iliyomo, aifute yote kwa kupitia setingi, mbele yako. Ikiwaka upya, iunganishe na hotspoti ya simu yako mwenyewe. Pitia kurasa zote za mwanzo hadi uingize akaunti yako na ikubali. Kama kuna akaunti ya mtu mwingine, itajitokeza hapa. Kama kuna mkopo, mara nyingi utajitokeza hapa. Inachukua dakika kumi na tano, na muuzaji atakwambia ana wateja wengine. Mwache awahudumie, wewe subiri.

Kufuli la nne ni la mtandao wa nje, hasa kwa simu za Marekani zilizouzwa kwa mkataba. Kwa iPhone, tafuta Carrier Lock kwenye ukurasa ule ule wa About. Inapaswa kusema No SIM restrictions. Halafu chomoa trei ya laini utazame kwa makini. Ukikuta kikadi chembamba sana kimelala pamoja na laini, simu hiyo imefungwa na hicho kikadi kinaidanganya. Itafanya kazi leo, kisha siku ya kusasisha mfumo itaandika haina huduma. Ziko nafuu na zina wateja wake, lakini usiinunue kwa bei ya iliyo huru.

Ukiwa na trei mkononi, mulika ndani ya tundu lake kwa tochi. Simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe mle ndani ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Chekundu ni sababu tosha ya kuacha. Na hata ile iliyotangazwa kuhimili maji kiwandani, ikishafunguliwa na fundi hata mara moja ichukulie kuwa haihimili tena, usiende nayo kuogelea ufukwe wa Coco.

Kioo

Kioo ndicho kipuri ghali kuliko vyote, na ndicho kinachochezewa zaidi. iPhone X, XS na 11 Pro kuendelea, na Galaxy S zote, zilitoka na vioo vya OLED, ambavyo nukta nyeusi huzimika kabisa. Kopi ya bei rahisi ni ya LCD, na LCD ina taa nyuma yake isiyozimika. Fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga hadi mwisho, funika simu kwa viganja vyako au iingize chini ya kaunta. OLED itaonekana kama imezimwa. Kopi ya LCD itatoa ukungu wa kijivu, hasa pembezoni. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kushinda jaribio hilo. Tahadhari moja tu: iPhone XR, iPhone 11 ya kawaida na iPhone SE zina LCD tangu kiwandani, kwa hiyo huko ukungu ni wa halali.

Kwa Samsung, piga *#0*# kama unapiga simu. Kwenye nyingi itafunguka menyu ya majaribio yenye vitufe vya rangi. Bonyeza nyekundu, kijani, bluu. Kila rangi inajaza kioo kizima. Hapo ndipo utaona mstari wa kijani au wa pinki unaoshuka kutoka juu hadi chini, ugonjwa unaojulikana wa vioo vya AMOLED, au kivuli cha kibodi na alama za chini vilivyoganda kwa sababu mmiliki wa kwanza aliacha kioo kikiwaka kutwa. Kivuli chepesi waweza kuishi nacho. Mstari hapana. Rudi kwenye menyu, chagua jaribio la kugusa: kioo kinagawanyika visanduku vidogo kuzunguka kingo na kukatiza katikati kama herufi X. Vipake kwa kidole kimoja kimoja. Kisanduku kinachokataa kugeuka rangi ni mahali kioo kimekufa, na mara nyingi huwa pale pale unapoandikia.

iPhone haina menyu hiyo. Shika alama ya programu yoyote hadi icheze, kisha iburute polepole kila pembe ya kioo bila kunyanyua kidole. Ikidondoka mahali pale pale mara mbili, umepata jibu.

Protekta itolewe kabla ya yote hayo. Muuzaji akikataa kwa madai kwamba ni mpya, mwambie utamlipa nyingine.

Betri

Kwenye iPhone, asilimia ya afya ya betri iko kwenye setingi, na kila mnunuzi wa Kariakoo anaijua. Asichokijua sana ni kwamba namba hiyo inaghushika: mafundi wana vifaa vya kuhamisha chipu ya betri ya zamani na kuiandika upya. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 500, na za iPhone 15 mizunguko 1000. Simu iliyotumika kila siku kwa miaka mitatu ina zaidi ya mizunguko 500. Kwa hiyo 79 hadi 86 kwa simu ya umri huo ni namba ya kawaida, na 100 kwenye iPhone 12 ni betri mpya au uongo. Ukiambiwa mpya, ni ya nani? Ile orodha ya vipuri kwenye About itakusaidia kujibu.

Kwa Android nyingi huoni asilimia. Washa video ya kurekodi, mwanga wa kioo hadi mwisho, uiache dakika kumi huku mkizungumza bei. Ikishuka asilimia tatu au nne hakuna neno. Ikishuka nane au kumi, au ikiruka kutoka 41 hadi 33 kwa mara moja, betri imechoka. Wakati huo huo unapima joto: simu inayochoma kiganja kwa video ya dakika kumi haitakufaa. Na uilaze kifudifudi kwenye kaunta, uangalie kama mgongo umeinuka pembeni. Betri iliyovimba si ya kupatana bei. Ni ya kuweka chini taratibu.

Mwaka 2025 Google ilisukuma masasisho yaliyopunguza uwezo wa betri za Pixel 4a, kisha Pixel 6a zilizovuka mizunguko 400, kwa sababu za usalama. Pixel zimejaa sokoni sasa, na kamera zake ni nzuri mno kwa bei yake, ila hizo mbili mimi ningezipita.

Betri iliyochoka yenyewe hainisumbui. Ni kipuri cha kubadilishwa, na ndiyo hoja bora ya kushusha bei uliyonayo. Kabla ya kuingia dukani pita kwa fundi mmoja au wawili, uulize bei ya betri ya modeli unayoitaka, pamoja na ufundi, na bei ya kioo pia. Ukiwa na namba hizo kichwani huhitaji kuwa mjuzi wa kubishana.

Umri uliobaki

Simu inaweza kuwa nzima na bado ikawa imebakiza muda mfupi. iPhone X na 8 ziliachwa nje mwaka 2023 ilipotoka iOS 17, na XR na XS zikaachwa mwaka 2025 ilipotoka iOS 26, ambayo inaanzia iPhone 11. Kuachwa hakuizimi simu. Programu za benki na WhatsApp ndizo hupandisha kiwango cha chini cha mfumo taratibu, na siku moja zinagoma. Samsung na Google zilibadilisha hesabu kwa Galaxy S24 ya 2024 na Pixel 8 ya 2023, zilizoahidiwa masasisho ya miaka saba, lakini hizo huenda bado hazijashuka hadi laki nne. Kwa bei yako, tafuta mwaka simu ilipotoka na ahadi ya mtengenezaji, kisha utoe miaka iliyopita. Kama ndani yake hutegemei kuhifadhi mambo ya benki, waweza kulegeza. Kama biashara yako yote iko humo, usinunue iliyokwisha kuachwa.

Laini nazo zinahitaji hesabu. Wengi wetu tuna mbili: moja ya miamala, nyingine ya bando. Samsung za Korea, ambazo namba yake ya modeli huishia N, na za Marekani, zinazoishia U, mara nyingi zina tundu la laini moja. Inayoishia B ni ya soko la kimataifa na kwa kawaida inabeba mbili. iPhone 14 na za baadaye zilizouzwa Marekani hazina tundu kabisa, ni eSIM tupu, kwa hiyo pita kwanza duka la mtandao wako ujue watakuhamishiaje laini. Dukani weka laini yako mwenyewe, piga *150*00# kama ni ya M-Pesa, piga simu ya kawaida, sikiliza spika ya sikioni, na uone kama 4G inashika. Simu ya nje isiyoshika 4G ya hapa inakuwa redio ya gharama.

Mengine ni ya haraka: kamera zote mbele na nyuma, rekodi sauti uisikilize, chaji na waya wake, vitufe vya pembeni, alama ya kidole au sura. Face ID iliyokufa kwenye iPhone hutengenezwa kwa tabu sana, kwa hiyo ijaribu mwenyewe.

Winga, bei, risiti

Ukishuka Kariakoo utapokelewa na winga. Anakuita bosi, anakupeleka duka ambalo si lake, na cha juu chake kimo ndani ya bei utakayotajiwa. Si mtu mbaya, na mgeni wa mitaa ile anaweza kumhitaji. Ila winga analipwa ukinunua, na ndiye atakayekuharakisha wakati wa ile nusu saa. Kama una rafiki au fundi anayefahamu duka, nenda moja kwa moja, hata ukilipa elfu kumi zaidi. Jioni usiende. Kuna giza kwenye vyumba vile, watu wanafunga, na wewe umechoka.

Bei ipange hivi: uliza maduka matatu bila kuonyesha hamu, chukua bei ya kati, toa bei ya betri kama imechoka, toa nusu ya bei ya kioo kama kimebadilishwa. Taja hiyo, kisha nyamaza. Muuzaji atacheka, atakuonyesha kava la bure. Kava halilipi betri.

Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe modeli, IMEI zote mbili na muda wa waranti pamoja na inachofunika. "Waranti ya miezi mitatu" ya mdomo mara nyingi huacha nje kioo na betri, yaani vitu viwili vitakavyoharibika. Afadhali wiki mbili zilizoandikwa zinazofunika kila kitu isipokuwa kuanguka na maji. Lipa kwa namba ya duka, ubaki na ujumbe wa muamala wenye jina lake.

Ukifika nyumbani usihamie mara moja. Acha laini kuu kwenye simu ya zamani siku mbili tatu, huku mpya ukiitesa: ichaji usiku kucha uone kama inapanda hadi 100 bila kuchemka, ongea simu ya nusu saa, itembeze mjini uone kama mtandao unakatika pale ya zamani ilipokuwa inashika, piga picha juani kioo kikiwa na mwanga wa mwisho. Andika kila kasoro na tarehe yake. Ikijitokeza, rudi nayo ukiwa na risiti, mapema asubuhi, fundi wa duka akiwa bado hajazidiwa na foleni, na uombe kubadilishiwa simu kabla hujakubali ifunguliwe. Ikishafunguliwa, ubishi utakuwa ni nani aliyeiharibu.